Njia ya Koti Jeupe Inakatikia Wapi?

Maneno ya mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari, mzaliwa wa Miono, mbele ya wana-Miono siku ya harambee ya mwaka

    

Katibu aliponipigia simu aliniambia, "Mwanangu, njoo utueleze ulivyofika Muhimbili, watoto wapate moyo." Nimeitikia wito. Lakini nimeona nikisimama hapa kujisifu, mtanipigia makofi, tutakula pilau, na mwakani mtamwita mwingine aje ajisifu. Kwa hiyo nitasema kidogo juu ya njia niliyopita, na zaidi nitasema juu ya mahali ambapo wenzangu walidondokea. Maana leo tunachanga fedha, na fedha ni vizuri iende pale njia inapokatikia.

Kwanza niondoe jambo moja. Tukisema "kusoma afya" wengi wetu tunaona daktari tu, koti jeupe na kipimo shingoni. Lakini mgonjwa akiingia hospitalini hukutana na watu wengi kabla na baada ya daktari. Yupo nesi na mkunga, yupo tabibu, yupo wa maabara anayesoma damu kwenye hadubini, yupo mfamasia, yupo wa eksirei, yupo wa mazoezi ya viungo, yupo bwana afya anayekagua visima na vyoo. Wote hao wamesoma sayansi za afya, na wengi wao hawakupita kidato cha sita.

Mfano uko jirani yetu. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Kwa Tanzania vituo vilikuwa viwili, Bagamoyo na Korogwe. Kule Bagamoyo kazi ilifanywa na Taasisi ya Afya Ifakara. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi. Ya pili, R21, nayo ilijaribiwa Bagamoyo, ikapendekezwa Oktoba 2023. Dunia nzima ilisoma majibu yale. Sasa jiulizeni, nani alikwenda nyumba kwa nyumba kumwangalia mtoto aliyechanjwa? Nani alitoa tone la damu, nani alilisoma, nani aliandika fomu bila kuruka mstari? Ni manesi, watu wa maabara, matabibu na wahudumu wanaojua njia za vijijini na kusalimia kwa lugha ya watu. Kazi za namna hiyo zipo ndani ya mkoa wetu. Swali ni kama watoto wa Miono watakuwa na cheti cha kuziomba.

Sasa nije kwenye njia yenyewe. Mimi nimeona inakatika mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni pale mtoto anapotoka kidato cha pili kuingia cha tatu. Kwa mtaala tuliosomea sisi, Biolojia ilikuwa ya wote, lakini Fizikia na Kemia mwanafunzi aliweza kuziacha. Na wengi waliziacha. Katika darasa letu, waliobaki na Fizikia tulihesabika kwa vidole. Sababu haikuwa uvivu. Shule niliyosoma ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia, na mtoto hawezi kupenda somo ambalo hajawahi kufundishwa.

Lakini sikilizeni sharti lilivyo. Stashahada ya utabibu, ile ya miaka mitatu, humtaka mwombaji awe amefaulu masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, na ndani yake yawemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kufaulu hapo ni kuanzia D. Narudia, wazee wangu, D. Siwaambii watoto walenge D, maana nafasi ni chache na wenye alama nzuri hutangulizwa. Ninachosema ni kwamba mlango hauko juu kama tunavyodhani. Mtoto mwenye D ya Fizikia anaweza kubisha hodi. Mtoto aliyeacha Fizikia akiwa na miaka kumi na mitano hana hata hiyo D, na wala hajui kwamba siku ile alipojaza karatasi ya masomo alijifungia utabibu. Hakuna aliyemwambia. Nyumbani hawajui, yeye hajui, na ndoto yake bado anaisema kwa sauti: "Nikimaliza nataka niwe daktari."

Mimi nilivukaje? Kuna kijana alikuwa amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri chuo. Aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule akawa anakuja jioni, siku tatu kwa wiki, anatufundisha Fizikia. Hakulipwa. Wazazi wachache walimpa mahindi na mara mojamoja nauli ya bodaboda. Kwa miezi ile michache tulipata mwalimu. Watu huniuliza nilianza lini kupenda kujitolea. Nilianza pale, nikiwa mimi ndiye ninayejitolewa.

Mahali pa pili ni miezi baada ya matokeo ya kidato cha nne. Matokeo yetu yalitoka Januari 2019. Kidato cha tano kinaanza Julai. Hapo katikati mtoto yuko nyumbani, na ndipo mambo yote huamuliwa. Ndipo vyuo vinapohitaji maombi, na maombi yenyewe ni ya mtandaoni. Ndipo inapotakiwa barua pepe, namba ya simu isiyobadilikabadilika, ada ya maombi, na mtu wa kusoma kitabu cha mwongozo cha NACTVET na kuelewa kila chuo kinataka nini. Na ndipo inapotakiwa karatasi moja ambayo wengi wetu tuliozaliwa vijijini hatuna, cheti cha kuzaliwa.

Mama zangu, naomba hili mlichukue hata kama mengine mtayasahau. Bodi ya Mikopo haimsikilizi mtoto kwa machozi yake. Inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa alete cheti cha kifo. Kama shuleni anaitwa jina hili na kwenye cheti jina lile, anaanza safari ya viapo na mihuri. Mtoto aliyepata cheti akiwa darasa la saba analala usingizi. Anayeanza kukitafuta wiki ambayo dirisha la mikopo linafungwa, huyo mara nyingi hulikuta limefungwa.

Katika dawati letu tulikaa wasichana wawili. Mwenzangu alinizidi Kemia muhula wote. Nimemwomba ruhusa nimtaje bila jina, akasema, "Waambie, labda itasaidia." Alipata C ya Kemia, C ya Biolojia na D ya Fizikia. Alichaguliwa chuo kwa stashahada. Barua ya kujiunga ikaja na orodha yake: malipo ya awali, sare, godoro, vipimo vya afya, bima, nauli. Wakati ule Bodi ya Mikopo ilikuwa haijaanza kukopesha wanafunzi wa stashahada za afya. Baba yake hayupo, ufuta wa mwaka ule haukutoa kitu. Mama yake alihangaika hadi tarehe ya kuripoti ikapita. Mwenzangu akaja Dar kufanya kazi za ndani. Mimi nikaenda kidato cha tano. Hakuna siku nilimzidi akili. Nilimzidi mjomba mwenye mshahara.

Leo amesharudi Miono. Ana mtoto mmoja, anauza maandazi asubuhi, na siku za kliniki anajitolea. Nitamrudia.

Mahali pa tatu ni wiki za kwanza za chuo. Mimi nilipata mkopo, nashukuru. Lakini mkopo hauji na basi unalopanda. Unafika, unajisajili, unasaini, unasubiri. Huku unatakiwa ule, ulale, upande daladala, utoe nakala za kusomea. Mzee mmoja aliyeko humu ndani, hataki nimtaje, alinipokea kwake Mbagala wiki tano. Mkewe alinipa chai na kiporo kila alfajiri. Kwenye hesabu za umoja wetu msaada huo haumo, lakini bila wiki zile tano nisingefika mwaka wa pili.

Sasa niseme habari ya kujitolea, maana nayo niliombwa.

Likizo ndefu ya chuo nikirudi nyumbani, huwa naomba kwa mganga mfawidhi wa kituo chetu cha afya nisaidie siku za kliniki ya mama na mtoto. Niwe mkweli juu ya ninachofanya. Sichomi sindano nikiwa peke yangu, siandiki dawa, simwambii mtu ugonjwa wake. Udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali, na mpaka nisajiliwe na Baraza la Madaktari mimi ni mwanafunzi. Mwenye kujitolea asiyejua mpaka wake ni hatari kwa mgonjwa kuliko asiyekuja kabisa.

Ninachofanya ni kupima uzito. Namning'iniza mtoto kwenye mizani, nasoma, naandika kwenye kadi, naweka nukta kwenye mstari wa ukuaji. Kazi ndogo. Lakini asubuhi ya kliniki nesi ni mmoja na mabenchi yamejaa kina mama, wengine wametoka mbali na wamebeba maji ya kunywa. Kama nesi ndiye anayepima, anaandika rejista, anachanja na anashauri, basi kinachokufa ni ushauri. Mimi nikishika mizani na rejista, yeye anapata dakika za kumuuliza mama, "Huyu mwanao mstari wake umelala miezi miwili, anakula nini?" Hizo dakika ndizo nilizojitolea. Uzito ni njia tu.

Jambo la pili ninalofanya ni kuzungumza kwenye mikutano ya vijiji, nikipewa nafasi na mwenyekiti. Nawakumbusha namba 115 ya m-mama, inayopigwa bila malipo, mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, ili usafiri utafutwe. Nawaambia mjamzito aanze kliniki mapema, asisubiri tumbo lionekane. Na homa ya mtoto ipimwe kwanza, isitibiwe kwa kukisia.

Nimejifunza nini? Darasani tunafundishwa dalili za hatari kwa mjamzito, nazijua kwa kichwa. Lakini siku moja nilimuuliza mama kwa nini amechelewa kuja, akanijibu kwamba mumewe alikuwa kambini na ng'ombe, na yeye hawezi kutoka bila neno lake. Swali la namna hiyo halimo kwenye mtihani wangu. Aliyelijibu si mimi. Alilijibu yule mwenzangu wa dawati moja. Aliinuka kwenye benchi, akamwambia yule mama, "Nipe namba ya shemeji nimpigie sasa hivi." Akampigia, wakaelewana, na kliniki iliyofuata mama alikuja mapema. Mwenzangu anajua nani kaolewa wapi, nani hana chakula, nyumba gani ina mjamzito anayejificha. Nesi akitaka kumtafuta mama aliyeacha dawa, humtuma yeye.

Wazee wangu, mnaona ninachokiona? Nesi au tabibu tunayemhitaji tayari yuko Miono. Anauza maandazi. Vyeti vyake vya kidato cha nne havijaoza, ufaulu ule bado ni halali kuombea chuo. Chuo cha uuguzi kipo Bagamoyo, chuo cha afya kipo Kibaha, vyote ndani ya Mkoa wa Pwani. Na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha baadhi ya stashahada za vipaumbele, zikiwemo baadhi za afya. Mlango uliomfungia mwaka 2019 umefunguka kidogo. Kilichobaki ni karatasi, nauli, godoro, na mtu wa kukaa na mtoto wake.

Kabla sijaomba, niwakumbushe mtu mmoja wa Bagamoyo. Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851, akawa tajiri wa biashara ya misafara, akafariki mwaka 1897. Alijenga shule Bagamoyo, akaikabidhi serikali ya Kijerumani kwa sharti kwamba isomeshe watoto bila kubagua rangi. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, ikaitwa kwa jina lake, ikahudumia Waafrika na Wahindi kwa miongo mingi, hadi mwaka 1956 ilipofunguliwa hospitali mpya ambayo leo ndiyo Muhimbili. Chuo cha udaktari kilianza mwaka 1963, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Jina la Sewahaji bado liko kwenye jengo la wodi. Nikilipita huwa nawaza kwamba hospitali ambayo Tanzania nzima inakimbilia, mwanzo wake una mkono wa mtu aliyetoka wilaya yetu. Hatuna misafara wala utajiri wake. Lakini sisi ni wengi, na yeye alikuwa mmoja.

Kwa hiyo ombi langu kwa umoja huu ni mambo matatu, na nimeyaandika kwa katibu.

La kwanza, posho ndogo ya nauli na chakula kwa vijana wetu waliomaliza kidato cha sita na kurudi kutoka JKT, wafundishe Fizikia na Kemia kidato cha pili na cha tatu wakati wanasubiri chuo, kwa makubaliano na wakuu wa shule. Na kila mwaka, kabla watoto hawajachagua masomo, mmoja wetu anayesoma afya akae nao na wazazi wao, aeleze kila mlango unataka ufunguo gani.

La pili, siku moja ya karatasi kila mwaka pale Miono. Tuwe na kompyuta, intaneti na mtu anayejua taratibu za RITA, maombi ya vyuo na mikopo. Mzazi aje na alichonacho, aondoke akijua anachokosa wakati muda bado upo.

La tatu, mfuko wa wiki za kwanza. Tusiahidi kumsomesha mtu miaka mitano halafu tukashindwa mwaka wa pili. Tuahidi kidogo tunachoweza kukitimiza: malipo ya awali, godoro, nauli, na chakula mpaka mkopo ufike. Fedha ilipwe chuoni moja kwa moja panapowezekana, na risiti zisomwe hapa kila mwaka. Naye atakayesaidiwa arudi nyumbani wiki mbili kila likizo ndefu, ashike mizani, afundishe, au akae kwenye ile siku ya karatasi. Mimi naanza mwaka huu, msinidai.

Najua maisha ni magumu. Lakini sote tunazo kadi za michango ya harusi mfukoni, na hatujawahi kukosa cha kumpa bwana harusi. Hakuna anayesema harusi zife. Nasema tumchangie na huyu wa godoro kama tunavyomchangia yule wa ukumbi.

Dirisha la maombi ya vyuo la mwaka huu halijafungwa. Mwenzangu cheti chake cha kuzaliwa amekipata mwezi uliopita. Mama yake amekubali kukaa na mjukuu. Leo, kabla hatujatawanyika, naomba katibu aandike jina lake la kwanza kabisa kwenye mfuko huo. Jina nitampa katibu pembeni, maana niliahidi kulitunza.

 Mwenyezi Mungu awazidishie mnapotoa, na aibariki Miono yetu.